Mikanda ya mbio kwenye gari la kila siku: uchambuzi wa kisa kimoja, Lubumbashi

Gari na matumizi yake

Gari ni la michezo, la viti viwili, lililotengenezwa Japani miaka ya 2000. Injini ya V6 iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na uzito ni karibu kilo 1,450. Lilifika Lubumbashi kwa njia inayofuatwa na mengi ya magari haya: meli hadi Dar es Salaam, kisha barabara hadi Kasumbalesa, usukani ukiwa upande wa kulia ingawa huku tunaendesha kulia. Jina la modeli hatulitaji. Magari ya aina hiyo mjini yanahesabika kwa vidole, na mwenyewe angejulikana siku hiyo hiyo.

Mwenye gari ana miaka thelathini na kitu, kilo 78, urefu sentimita 181. Siku za kazi alilitumia mjini, na mara mbili tatu kwa mwezi alikwenda nalo Likasi, kilomita karibu 120, akipishana na malori ya madini njia nzima. Mara nne kwa mwaka alishiriki siku za mwendo kwenye eneo la lami lililofungwa: koni, saa ya kupima muda, gari moja moja. Mwendo wa juu hapo hufika kilomita 150 kwa saa kabla ya kona ya mwisho.

Kutoka kiwandani gari lilikuwa na mkanda wa pointi tatu, yaani unaoshikwa mahali patatu, ule ambao Nils Bohlin wa Volvo aliubuni mwaka 1959 na ambao haujapata mbadala barabarani hadi leo. Kwenye kikunjio chake, kile kinachouviringisha mkanda, kuna kikazaji cha baruti: gari likigonga, baruti ndogo huwaka na kuvuta ulegevu wote kabla mwili haujaanza kwenda mbele. Usukani una mfuko wa hewa, na ubavu wa kiti una mwingine. Vitu hivi vilipimwa pamoja. Mkanda huachia kifua kiende mbele kidogo, mfuko wa hewa unakipokea, na kiti kinazuia nyonga zisiteleze chini. Ukibadilisha kimoja, vingine hubaki vikifanya kazi kwa hesabu ya zamani.

Mwenye gari alitaka mikanda ya mbio kwa sababu moja ya haki kabisa: kwenye kona alikuwa anateleza kitini, akijishikilia kwa usukani na kwa goti lililobanwa mlangoni. Dereva anayening'inia kwenye usukani hawezi kuhisi magurudumu ya mbele yanafanya nini. Tatizo lake lilikuwa la kiti. Dawa aliyoinunua ilikuwa ya mkanda.

Ufungaji wa kwanza

Alinunua seti ya pointi nne kwa dola 65, mikanda ya upana wa sentimita 5, na fundi wa garaji moja akaifunga kwa dola 40 katika siku moja. Mikanda ya mabega ilipitishwa juu ya kiti cha kiwandani, kisha ikateremshwa hadi sakafuni nyuma ya kiti na kufungwa kwa bolti na washa ndogo. Mikanda ya kiunoni ilifungwa kwenye bolti za nyuma za reli za kiti. Mkanda wa kiwandani wa dereva uling'olewa pamoja na kikunjio, na taa ya mfuko wa hewa ilipowaka kwenye dashibodi, balbu yake ilitolewa.

Gari liliendeshwa hivyo kwa miezi mitano. Mjini mwenyewe aligundua shida ambayo kila mwenye mikanda ya mbio huigundua: ukiikaza inavyotakiwa, huwezi kuinama kutazama makutano, na kwa usukani wa kulia ndiyo kabisa, maana kupita lori unahitaji kuegemea upande wa pili. Basi akawa anailegeza. Baada ya wiki mbili ikawa inakaa mabegani kama kamba za begi la shule. Mkanda wa mbio uliolegea ni mbaya kuliko wa pointi tatu, kwa kuwa hauna kikunjio cha kuushika ghafla wala baruti ya kuuvuta. Ulegevu uliouacha asubuhi ndio utakaokuta kwenye ajali.

Siku ya ajali

Ilikuwa Julai, katikati ya kiangazi, vumbi jembamba likiwa juu ya lami. Kwenye mzunguko wa nne sehemu ya nyuma ya gari iliteleza, gari likatoka nje na kugonga tuta la udongo kwa pembe ya mbele kushoto. Kwa alama za matairi na maelezo ya walioshuhudia, mwendo wakati wa kugonga ulikuwa karibu kilomita 40 kwa saa. Dereva alikuwa amevaa helmeti. Mfuko wa hewa haukufunguka.

Kugonga kwa mwendo huo na kusimama ndani ya sentimita 60 hivi, ukijumlisha bodi iliyojikunja na udongo uliosukumwa, ni mara kumi ya uzani wa mwili. Kwa mtu wa kilo 78, mikanda ilipaswa kubeba nguvu ya karibu kilo 800.

Alitoka kwa miguu yake. Kisha tumbo likaanza kuuma: mchubuko mpana ulipita chini ya kitovu, mahali ambapo mkanda haupaswi kufika. Mabega yote mawili yalivimba, na shingo ilikakamaa kwa siku tisa. Picha ya tumbo haikuonyesha damu ndani. Alilazwa usiku mmoja ili aangaliwe.

Kilichoonekana gari lilipofunguliwa

Gari lilipelekwa garaji la pili. Fundi mkuu aliomba lisiguswe mpaka kila kitu kipimwe, na hilo ndilo lililofanya kisa hiki kiwe na la kufundisha.

Cha kwanza kilikuwa kipande cha mkanda wa kiunoni, upande wa kulia. Kilipowekwa juu ya meza chini ya taa, kilionyesha mstari uliong'aa wa urefu wa sentimita 4, nyuzi zikiwa zimelainika kama zilizopigwa pasi. Mkanda ulikuwa umeteleza ndani ya bizimu ya vyuma vitatu, ile bizimu bapa inayoushikilia kwenye nanga, yaani mahali mkanda unapofungwa kwenye gari. Bizimu hiyo ina njia moja tu ya kupitishwa: mkanda unatoka, unazunguka nanga, unarudi kwenye bizimu, kisha mkia wake unarudishwa tena juu ya chuma cha kati ili ujibane wenyewe. Bizimu ikae karibu kabisa na nanga, na mkia ubaki angalau sentimita 10. Hapa mkia ulipitishwa mara moja tu. Kwa mkono unavuta na unahisi umeshika. Kwa mamia ya kilo unateleza.

Cha pili ni pembe ya mikanda ya mabega. Ilishuka nyuzi 58 kutoka mlalo. Hesabu yake si ngumu: kila kilo 100 za mvuto kwenye mkanda, kwa pembe ya nyuzi 10, kilo 17 tu ndizo zinazosukuma bega kwenda chini. Kwa nyuzi 45 zinakuwa 71. Kwa nyuzi 58 zinafika 85. Yaani sehemu kubwa ya nguvu iliyotakiwa kumvuta dereva arudi nyuma iligeuka kuwa nguvu ya kuubana uti wa mgongo wake kutoka juu. Maumivu ya mabega yalitoka hapo, na kwa mwendo mkubwa zaidi pingili za mgongo ndizo zingevunjika. Njia ndefu hadi sakafuni pia iliongeza urefu wa mkanda, na mkanda mrefu hunyumbuka zaidi.

Cha tatu ni mchubuko wa tumbo. Mikanda ya pointi nne ya kawaida haina wa kupita kati ya mapaja. Dereva akikaza ya mabega, bizimu ya kati inapanda, nayo inauvuta ule wa kiunoni kutoka kwenye mifupa ya nyonga hadi kwenye tumbo laini. Wakati wa kugonga, nyonga zinapita chini yake. Mifupa ya nyonga inaweza kubeba mzigo mkubwa ajabu, lakini ini, bandama na utumbo haviwezi.

Kisha nanga. Fundi alimwonyesha mwenye gari bolti ya reli na kumwambia, "Patron, mkanda huu haujakamata gari, umekamata kiti." Mwenyewe akajibu, "Lakini Papa, hata bizimu ya kiwandani imefungwa kwenye kiti." Ni kweli, na swali ni zuri. Magari mengi yana bizimu ya mkanda kwenye fremu ya kiti, lakini fremu hiyo, reli zake na meno yake vilihesabiwa na kupimwa kwa mzigo huo. Bati bapa lililoongezwa chini ya bolti ya reli halikuhesabiwa na mtu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinakataza kabisa mikanda ya mbio kufungwa kwenye kiti au kwenye vishikizo vyake. Kule sakafuni, washa ya milimita 30 ilikuwa imeanza kuzama kwenye bati na shimo limekuwa yai. Bati la sakafu ni jembamba, karibu milimita moja au pungufu. Bila bamba la kulipanua, bolti hupita kama msumari kwenye karatasi.

Mikanda yenyewe haikuwa halali. Kibandiko cha idhini kilikuwa kwenye mkanda mmoja tu, maandishi yamechapwa juu ya karatasi ya kawaida, hakuna alama inayobadilika rangi ukiigeuza. Vyuma vya bizimu vilikuwa vya bati lililokunjwa.

Chaguzi zilizokuwa mezani

Fundi aliweka njia tatu.

Ya kwanza: kurudisha gari kwenye hali ya kiwandani. Mkanda mpya wenye kikazaji, nyaya za mfuko wa hewa zitengenezwe, balbu irudi.

Ya pili: mikanda ya pointi nne iliyoidhinishwa kwa barabara chini ya kanuni R16 ya Umoja wa Mataifa. Ipo, na baadhi yake ina ujanja mzuri: mkanda wa bega moja una mkunjo ulioshonwa ambao hufunguka wakati wa kugonga, kifua kizunguke kidogo kama kinavyofanya kwenye pointi tatu, na nyonga zisipite chini. Lakini idhini hiyo hutolewa kwa magari na viti vilivyotajwa, na hufungwa kwenye nanga za mikanda ya viti vya nyuma. Gari la viti viwili halina viti vya nyuma. Njia hii ilikufa hapo.

Ya tatu: mfumo kamili wa mbio. Tao la chuma nyuma ya vichwa, kiti cha mbio cha ganda moja chenye matundu ya mikanda, mikanda ya pointi sita na kifaa cha HANS, kinachovaliwa mabegani na kushika helmeti ili kichwa kisirushwe mbele. Vyote kwa pamoja, au visifungwe kabisa.

Mwenyewe alitaka njia ya katikati, mikanda ya pointi sita peke yake juu ya bomba la mlalo kati ya nguzo za milango. Garaji lilikataa kuifanya, na sababu yake inastahili kuelezwa polepole, kwa kuwa ombi hili husikika kila wiki. Gari likipinduka na paa likashuka, mtu aliyefungwa kwa pointi tatu anaweza kulala upande, kiwiliwili kinafuata paa. Mtu aliyefungwa mabega yote mawili amesimamishwa wima. Paa linapoteremka, kinachobaki kulizuia ni shingo yake. Bomba la mlalo linashika mikanda tu, halishiki paa. Na hata bila kupinduka, kifua kikizuiwa kabisa kichwa kinaendelea peke yake. Kichwa na helmeti pamoja ni kilo 6 hivi. Kwa mara kumi ya uzani, shingo inavutwa kwa kilo 60, na kwenye ajali kubwa ni mara tatu au nne ya hapo. Dereva wa mbio Dale Earnhardt alikufa Daytona, Marekani, tarehe 18 Februari 2001 kwa kuvunjika kitako cha fuvu, na mwaka huo huo NASCAR, waandaaji wa mbio hizo, ikalazimisha madereva wavae kifaa cha kuzuia kichwa. Formula 1 ililazimisha HANS mwaka 2003. Kifaa chenyewe Robert Hubbard na Jim Downing walikuwa wamekianza tangu miaka ya 1980.

Hatua ya kwanza: kurudi kiwandani

Uamuzi ulikuwa kuanza na njia ya kwanza mara moja, kwa kuwa gari lilikuwa linakwenda Likasi na abiria. Kikunjio kilichong'olewa kilikuwa kimekaa kwenye boksi karakana, plagi yake wazi, vumbi limeingia. Hakikurudishwa. Cha mtumba pia kilikataliwa, kwa sababu huwezi kujua kama kimetoka kwenye gari lililogonga. Kipya kiliagizwa, dola 310.

Kazi kwenye nyaya za mfuko wa hewa ilifuata utaratibu mmoja: swichi imezimwa, waya hasi wa betri umetolewa, kusubiri dakika 10, ndipo plagi ya njano iguswe. Kipimo cha umeme hakiwekwi kamwe kwenye nyaya za baruti yenyewe, kwani mkondo wake mdogo unaweza kuiwasha. Hitilafu ilikuwa moja tu, ile plagi ya kikunjio iliyoachwa wazi. Lakini hiyo moja ilitosha kuufanya mfumo mzima ujizime, na ndiyo maana mfuko wa usukani haukufunguka Julai. Ile balbu ilikuwa inasema kweli kwa miezi mitano.

Mwenyewe alikwenda siku mbili za mwendo akiwa na mkanda wa kiwandani. Ili asiteleze alifundishwa kusogeza kiti nyuma hatua mbili, kuvuta mkanda ghafla mpaka ujifunge, kisha kusogeza kiti mbele: mkanda wa kiunoni unakaa umekazwa juu ya nyonga. Sponji ngumu ilibandikwa mlangoni mahali pa goti. Gharama ya hayo mawili haikufika dola 10. Muda wake wa mzunguko ulikuwa ndani ya sekunde moja ya ule wa mikanda ya pointi nne.

Hatua ya pili: mfumo kamili

Baada ya miezi saba aliamua gari liwe la uwanjani peke yake, libebwe kwa trela, na mjini atumie lingine. Uamuzi huo ndio uliofungua mlango wa njia ya tatu. Tao la chuma ndani ya gari la barabarani, kichwa kisicho na helmeti kikiwa sentimita 15 mbele yake, ni hatari mpya, hata ukilifunga sponji ngumu.

Bomba la tao. Fundi wa kuchomelea wa kwanza alipendekeza bomba la maji, kwa kuwa lipo kila duka. Bomba la maji lina mshono, unene wake haulingani, na chuma chake hakikutengenezwa kujikunja bila kupasuka. FIA inataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa baridi, nguvu isiyopungua niutoni 350 kwa milimita ya mraba, kipenyo milimita 45 na unene 2.5 au kipenyo 50 na unene 2. Hapa Lubumbashi ina bahati yake: wauzaji wanaohudumia migodi wanalo bomba la haidroliki lisilo na mshono, la daraja E355, na hutoa cheti chake. Lilinunuliwa la 45 kwa 2.5.

Kukunja kulifanywa baridi kwa mashine, nusu kipenyo cha kona isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, yaani milimita 135. Kujaza mchanga na kupasha moto kulikatazwa, kwa kuwa moto huondoa nguvu iliyotokana na kuvutwa baridi. Kila mguu wa tao ulikaa juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo la sentimita 120 za mraba lililochomelewa kwenye bodi, bolti tatu za M8 daraja 8.8. Mihimili ya nyuma ilipata bamba za sentimita 60 za mraba na bolti mbili kila mmoja. Uchomeleaji ulifanywa asubuhi tu. Jioni mtaa mzima unawasha, umeme unadhoofika, na mshono unakaa juu ya chuma bila kuingia ndani. Kwa macho unapendeza. Ukiukata katikati, unaona mstari mweusi.

Bomba la mlalo la mikanda liliungwa ndani ya tao. FIA inataka mikanda ya mabega ishuke bila kuzidi nyuzi 45, na inapendekeza isizidi 10. Fundi alilenga 10, ambayo pia inafaa kwa HANS.

Nanga za kiunoni na mapaja zilipata bamba za milimita 65 kwa 65, unene milimita 3, chini ya sakafu, ili bolti ilivute bamba dhidi ya bati. Kiwango cha chini ni sentimita 40 za mraba. Kanuni inataka kila nanga ibebe dekaniutoni 1,470, na za mapajani 720; dekaniutoni moja ni karibu uzani wa kilo moja. Pembe ya mkanda wa kiunoni ililengwa nyuzi 55, ili uingie kwenye kunjo la paja na nyonga. Mikanda miwili ya mapajani ilipita kwenye tundu la kiti, nanga zake sentimita 10 kutoka moja hadi nyingine.

Bolti zinahitaji onyo lake. Za mikanda ni za inchi 7/16, meno 20 kwa inchi. Ukiiweka kwenye nati ya M12 ya hatua 1.25, inaingia, inazunguka, hata inaonekana kukaza kidogo, kwa kuwa hatua ya meno inakaribiana sana: 1.27 dhidi ya 1.25. Lakini bolti ni milimita 11.1 na nati ni ya 12, kwa hiyo meno yanagusana nchani tu. Nati mbili za namna hiyo zilikutwa kwenye boksi la vifaa na kutupwa.

Kiti kilifungwa sakafuni bila reli, vishikizo vya chuma vya milimita 3, bolti nne za M8. Gharama za hatua hii: tao na kazi dola 850, kiti 520, mikanda ya pointi sita yenye idhini ya FIA 8853-2016 dola 290, HANS 410, helmeti yenye nanga zake 380. Jumla 2,450.

Matokeo

Tangu hapo gari limefanya siku tano za mwendo. Halijagonga, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba mfumo umepimwa kwa ajali. Kinachoweza kupimwa kimepimwa. Pembe ya mabega ni nyuzi 12 dereva akiwa ndani na HANS mabegani. Mkanda wa kiunoni haupandi hata ya mabega ikikazwa kwa nguvu zote. Alama ya kalamu iliyochorwa kwenye kila mkanda, mahali unapoingia kwenye bizimu, haijasogea.

Kutoka garini ndiko kulikoleta wasiwasi. Mara ya kwanza, kutoka mikono kwenye usukani hadi miguu chini, zilipita sekunde 19, kwa kuwa ncha za HANS zilinasa kwenye tao. Baada ya kurudia mara kumi, macho yamefungwa, zikawa 8.

Kilichofaa

Kutogusa gari kabla ya kupima kulifaa kuliko kitu kingine chochote. Bila ule mstari wa sentimita 4, bizimu isiyorudishwa mkia ingefungwa vilevile safari ya pili.

Kugawa kazi hatua mbili pia kulikuwa sahihi. Hatua ya kwanza ililirudisha gari barabarani likiwa salama kwa gharama ndogo, na ilimpa mwenyewe muda wa kugundua kwamba alichokosa ni kushikwa ubavuni. Kwa yeyote ambaye gari lake bado linakwenda sokoni na kupeleka watoto shule, tungeishia hapo hapo: mkanda wa kiwandani, helmeti siku ya uwanja, na kiti kilichosogezwa vizuri.

Kilichoshindwa

Garaji la pili nalo lilikosea. Bomba la mlalo liliwekwa kwanza kwa kupima kiti kikiwa tupu. Dereva alipokaa, sponji ilishuka, mabega yakashuka sentimita 3, na mikanda ikawa inapanda kuelekea nyuma badala ya kushuka. Mikanda inayopanda humwachia dereva ainuke, na HANS haikai. Kwa bahati bomba lilikuwa limeshikwa kwa nukta nne tu za kuchomelea. Lilikatwa, likasafishwa, likashushwa sentimita 4, saa sita za kazi. Kipimo hiki kichukuliwe dereva akiwa ameketi, na helmeti na HANS vimevaliwa.

Bizimu ya kati ya kuzungusha ilianza kukwama siku ya pili. Mtu aliipaka mafuta, na mafuta yakageuza vumbi la kiangazi kuwa tope. Ilisafishwa kwa hewa ya kompresa na brashi kavu, na tangu hapo haipakwi kitu. Mikanda sasa hufunikwa kitambaa gari likiwa juani, husafishwa kwa maji vuguvugu na sabuni laini, na hufunikwa ngozi nene kila kunapochomelewa karibu, kwa kuwa cheche moja ikitoboa utepe, mkanda mzima unatupwa.

Dereva pia alikaza kwa mpangilio mbaya kwa miezi miwili, mabega kwanza. Mpangilio ni kiunoni kwanza, chini kabisa na kwa nguvu, kisha mabega, kisha ya mapajani, halafu kukaza tena baada ya mzunguko wa kwanza, nguo zinapokuwa zimejilaza. Mpangilio huo umeandikwa kwenye mkanda wa gundi ubaoni mbele yake.

Upande wa abiria haukuguswa katika kazi hiyo: kilibaki kiti cha kiwandani na mkanda wa pointi tatu, na tao sasa likawa nyuma ya kichwa cha abiria. Rafiki watatu wameshaomba kupanda siku ya mwendo. Kwa hiyo fundi ameondoa kiti hicho na kukiweka kwenye rafu ya karakana mpaka bajeti ya seti ya pili ipatikane.